Nyigu Juu ya Cherehani

Machi 4

Shemeji, mdogo wa mke wangu, amesema kila siku niandike mambo matatu: hali ya hewa, tulichokiona, na walichouliza watoto. Yeye ni mwalimu, anajua. Nimechukua daftari la vipimo vya wateja, nikaruka kurasa za viuno na mabega, nikaanzia hapa.

Hali ya hewa: mawingu. Tulichokiona: hakuna. Walichouliza: tutakula saa ngapi.

Machi 5

Nimesoma ya jana nikaona aibu. Ngoja nieleze vizuri, ili hata nikija kulisoma mwakani nielewe.

Binti yangu ana miaka kumi. Kwa ule urefu wa shingo yake, kila mtu humwita Twiga. Ana kifafa. Januari alianguka darasani, mwezi uliofuata akaanguka tena mstarini, na mwalimu mkuu akatuita ofisini, akatuambia kwa upole mwingi kwamba mtoto akae nyumbani “mpaka hali yake itulie”. Mdogo wake, mwenye miaka sita, akagoma kwenda shule bila dada yake. Huyo tunamwita Gundi, na sababu inajulikana. Mama yao ni muuguzi katika hospitali iliyo ng'ambo ya mto, anaondoka na zamu. Mimi nashona hapa hapa sebuleni. Kwa hiyo mwalimu nikawa mimi.

Hesabu naziweza, maisha yangu yote nimeyapima kwa futi. Kusoma na kuandika tunasukumana. Linalonishinda ni somo la viumbe na mimea. Mimi nimekulia nyuma ya duka la nguo. Ndege ninaowajua ni wale wanaochapwa kwenye vitambaa.

Machi 6

Tumetoka kwenda kutafuta viumbe, kama Shemeji alivyoagiza. Tumepita nyuma ya nyumba, tukafuata mfereji hadi kwenye majani marefu. Nikawaambia, “Tulieni, muangalie.” Gundi alitulia juu ya siafu. Somo liliishia hapo. Nilimvua suruali katikati ya njia huku akipiga kelele kama anachinjwa, na Twiga akicheka mpaka akakaa chini.

Jioni Twiga akamchora siafu mwenye miguu minane. Nikamwambia ni sita. Akaniuliza nimejuaje. Sikujua nimejuaje.

Machi 9

Mvua. Hakuna.

Machi 11

Twiga ameanguka leo mchana mlangoni kwa Mama wa Saluni, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Hakuumia. Nilimgeuza ubavu kama mama yake alivyonifundisha, nikamshikia kichwa, nikawa namwambia “basi mama, basi mama” mpaka ikapita. Wateja wawili walitoka saluni wakiwa bado na vitana kichwani.

Baadaye Mama wa Saluni akaja. Alisimama nje ya kizingiti, hakuingia.

“Baba Twiga, usinielewe vibaya. Mimi mwenyewe sina neno. Ila wateja wangu wanaogopa. Nikiwa na watu, mtoto akae ndani tu.”

Nikamwambia nimeelewa. Kweli nilielewa, na hilo ndilo lililoniuma.

Machi 15

Nimempigia simu Shemeji, nikamwambia hili somo limenishinda, sina pa kuanzia. Watoto hawawezi kukaa nje kwa ajili ya saluni, na mvua nayo haituachii.

“Usitafute cha ajabu, shemeji yangu. Kaeni mahali pamoja muangalie. Kitakuja kitu.”

“Wewe una bustani ya shule. Mimi nina ukuta.”

“Basi angalieni ukuta.”

Machi 16

Tumeangalia ukuta. Una ufa mmoja, msumari, na kalenda ya mwaka juzi. Gundi amelala.

Machi 19

Kitu kimekuja.

Nilikuwa napinda shati la mteja, Twiga akanishika bega. “Baba, kanyagio linalia.” Nikaondoa mguu. Mlio ukaendelea. Ulikuwa mwembamba, kama wa cherehani iliyokosa mafuta, na ulitoka juu, chini ya rafu ya nyuzi. Kumbe ni nyigu, mweusi, kiuno chembamba kama uzi, ana tope mdomoni. Alikuwa analikandika ukutani na kulisawazisha, na kila akilisukuma analia. Akimaliza anatoka kwa ule upenyo wa kioo cha dirisha kilichovunjika, na baada ya muda anarudi na donge jingine.

Nikanyanyua kandambili. Twiga akasimama mbele yangu.

“Huyu ndiye somo,” akasema.

Walichouliza leo: Tope analitoa wapi? Analibebaje bila kulidondosha? Ni mume au mke? Anajuaje kurudi hapa hapa? Mbona hachoki? Nimeandika yote. Jibu sina hata moja.

Machi 22

Chumba cha kwanza cha nyigu kimekamilika. Kina umbo la kidole. Twiga amekipima kwa futi yangu, akiwa amesimama juu ya kiti, mimi nikimshika miguu yote miwili. Gundi ameweka kisahani cha tope dirishani “asiende mbali na mvua hii”. Nyigu hakukitazama. Gundi amenuna hadi jioni.

Machi 25

Mvua siku nzima. Nyigu analeta buibui. Mama yao alikuwa na mapumziko, akaketi nao sakafuni badala ya kulala. Nilimsikia akiwaambia kuwa humo ndani atataga yai moja tu, kisha aufunge mlango. Nikamuuliza amejulia wapi. Akasema kuna mgonjwa wodini alimsimulia. Wodini wanasimuliana mengi.

Machi 28

Twiga hajaanguka wiki nzima. Naandika kwa herufi ndogo, nisije nikaleta balaa.

Aprili 2

Leo nataka kuandika kwa utaratibu.

Asubuhi Gundi alikuwa anacheza na rula yangu ndefu ya mbao, anaipeperusha kama upanga. Ikagonga rafu, ikakwangua kile chumba cha mwisho ambacho tope lake lilikuwa bado bichi. Kikapasuka. Wakadondoka buibui juu ya meza, kwenye kitambaa cheupe, wengi kuliko nilivyodhani wanaweza kuingia mle. Gundi akaanza kulia kwamba amewaua.

Twiga akainama mpaka pua ikakaribia kitambaa. “Hawajafa,” akasema. “Huyu anatikisa mguu.”

Kweli. Walikuwa laini, wazima, na kila mmoja alikuwa na mguu mmoja au miwili inayocheza kidogo sana. Hawakukimbia. Nikampigia Shemeji, nikaweka sauti ya wazi. Akaeleza kwamba nyigu hawaui, anawachoma sindano ya sumu tu, wakakosa nguvu. Anawataka wawe wabichi, ili mtoto wake akianguliwa apate chakula.

“Kwa hiyo wako macho?” Twiga akauliza.

“Hapo mwanangu sijui. Sidhani kama buibui anajua mambo kama sisi.”

Shemeji akaaga. Gundi akaenda kutafuta kiberiti cha kuwawekea wagonjwa. Mimi nikabaki na Twiga, akiwa bado ameinama.

“Baba, mimi huwa nasikia.”

“Unasikia nini?”

“Nikianguka. Si kila mara. Zile ndogo, ambazo nakakamaa tu. Nasikia watu wote. Mama wa Saluni alisema Mungu angenipumzisha tu ingekuwa afadhali. Yule mwalimu wa hesabu alisema nisiguswe. Wewe unasema ‘basi mama, basi mama’.”

Mkasi ulikuwa mkononi mwangu. Nikauweka mezani polepole.

“Nisiseme hivyo?”

“Unasema hivyo tu. Kule hakuna kitu cha kuangalia, baba. Ni kama ndani ya gunia. Niambie habari. Niambie chochote unachokiona.”

Nikamwahidi. Kisha nikajidai nimeishiwa uzi, nikaenda nyuma ya nyumba, nikasimama mvuani.

Nilikuwa nimedhani wakati ule hayupo. Miaka yote nimejifariji kwa hilo, kwamba walau yeye hayupo.

Aprili 3

Gundi amewalaza buibui kwenye kiberiti juu ya pamba. Anawatonea maji kwa ncha ya sindano. Amemuuliza mama yake kama kuna dawa ya kuamsha. Mama yake akasema kwa buibui hakuna. Akauliza, “Na kwa Dada?” Mama yake akamwambia ya Dada ipo ila haiamshi, inazuia tu.

Aprili 6

Buibui wamekauka. Gundi amezika kiberiti chote. Nyigu amejenga chumba kingine ubavuni mwa kile kilichovunjika, wala hakukikarabati. Twiga ameandika: “Hana kinyongo au hana kumbukumbu.” Sikusahihisha.

Aprili 8

Mto umechukua daraja.

Mama Twiga alikuwa ameingia zamu jana. Yuko ng'ambo, mzima, analala wodini. Simu inashika na kukatika. Amesema, “Wape uji, na usiwaache wakaribie mto.” Wote wawili tulikuwa tunawaza kitu kimoja. Dawa za Twiga zilikuwa zinaishia wiki hii, na ni yeye aliyekuwa azilete kutoka dirisha la dawa la hospitali.

Aprili 9

Mvua. Nimezunguka maduka yote ya dawa ya upande huu. Wawili wamesema haijawahi kukaa kwao. Mmoja amenipa ya kikohozi.

Aprili 10

Nimemuuliza mama yao kwenye simu nifanyeje na vidonge vilivyobaki. Sauti yake ilikuwa ya kiuguzi kabisa, sauti anayotumia na watu baki.

“Punguza. Mpe nusu. Usikate ghafla.”

“Nusu itatosha?”

“Haitatosha. Lakini usikate.”

Aprili 11

Mvua. Nusu kidonge. Ameanguka mara mbili, zile ndogo. Nilimwambia ninachokiona: rafu, nyuzi, nyekundu imekaribia kuisha, nyigu hayupo, Gundi amevaa shati nje ndani. Alipozinduka akacheka, akasema, “Kweli amelivaa nje ndani.” Kwa hiyo anasikia. Nimefurahi na kuogopa kwa pamoja.

Aprili 12

Mvua. Robo. Mara nne.

Aprili 15

Nimekaa siku mbili bila kushika kalamu. Sasa naandika.

Tarehe kumi na tatu asubuhi tulikuwa mezani. Twiga alisema mkono wake unanuka chuma, neno ambalo hajawahi kulisema, kisha akaanguka. Haikuwa ile ndogo. Nilimgeuza ubavu, nikatoa kiti, nikaanza kumwambia: mvua imepungua, kuna mwanga dirishani. Ikapita. Nikashukuru. Kabla hajafungua macho ikaanza tena. Ikapita, ikaanza. Midomo ikawa ya rangi ya majivu.

Nikampigia mama yake. “Haachi,” nikasema. “Anarudia bila kuzinduka.”

“Mlete mtoni. Nakuja na sindano. Mlete sasa hivi.”

Nilimbeba. Ni mrefu, miguu ilikuwa inaninyuka magotini. Nilipofika mbele ya saluni nikateleza. Mama wa Saluni akatoka na aproni yake, akatazama mara moja, akaishika miguu. Tukaenda hivyo, mimi kichwani yeye miguuni, Gundi ameshikilia pindo la shati langu, na tope likatuvua viatu.

Pale mtoni nguzo za daraja zilikuwa zimebaki zimesimama bila kitu juu. Maji yalikuwa ya rangi ya kahawia, yanakwenda kwa kasi kuliko nilivyowahi kuyaona. Upande wa pili kulikuwa na mafundi wa barabara, na ile mashine yao ya kuchimba wanayoiita kijiko. Na mama Twiga. Alikuwa na sare yake nyeupe na mfuko wa plastiki kifuani. Alikuwa anapiga kelele, namwona mdomo, sisikii hata neno moja. Tulikuwa karibu kiasi kwamba niliona kifungo kimoja cha sare kimekatika.

Sikuwa na la kufanya. Ndilo ninalotaka kuliandika bila kulipamba. Nilikaa kwenye tope, mwanangu mapajani, dawa ikiwa pale, mtu anayejua kuitumia akiwa pale, na katikati maji. Nikaanza kumwambia anachokosa. Nikasema kuna gogo linapita, lina mizizi juu. Kuna ndege mweupe kwenye nguzo, miguu myeusi, simjui jina, utamtafuta wewe. Kuna majani yanayozunguka mahali pamoja hayaendi. Mama yako yuko pale, amekasirika, anamfokea dereva wa kijiko. Mama yako anapanda. Twiga, mama yako anapanda kwenye kijiko.

Alikuwa ameingia ndani ya lile bakuli la chuma, amekaa amejikunja, ameshika meno ya kijiko kwa mikono miwili. Dereva akaunyoosha mkono wa mashine wote juu ya maji, polepole, ukawa unatetemeka. Haukufika. Ulibakiza kama urefu wa mtu. Mama wa Saluni akaingia majini hadi kiunoni, ameshikilia vyuma vya nguzo. Mama Twiga akamrukia. Wote wawili wakazama, wakatokea, nikaona mfuko wa plastiki uko juu, kwenye mkono uliosimama wima.

Alimchoma Twiga sindano pale pale kwenye tope. Tukasubiri. Gundi aliniuliza, “Baba, mbona umeacha kumwambia?” Nilikuwa nahesabu pumzi za dada yake. Basi akaanza yeye. “Dada, mama amelowa. Dada, kuna mdudu kwenye kiatu cha mama.” Aliendelea hivyo mpaka mwili wa dada yake ukalegea.

Lakini pumzi zilikuwa ndogo, lazima apelekwe hospitali. Mafundi wakakisogeza kijiko mpaka ukingo wenyewe ukaanza kumeguka chini ya magurudumu ya minyororo. Kikafika. Nafasi ilikuwa ya mama na mtoto tu. Nikamwinua nikamweka kwenye mapaja ya mama yake, mle chumani, na nikamwachia. Kisha nikarudi nyuma nikamshika Gundi, tukawatazama wakipita juu ya maji.

Aprili 16

Mama Twiga amepiga simu. Twiga anapumua vizuri. Hajaamka sawasawa.

Aprili 17

Mvua. Hakuna habari. Simu haishiki.

Aprili 18

Nimekwenda kumshukuru Mama wa Saluni. Alikuwa nyuma, anafua ile aproni kwa dawa ya madoa, harufu inachoma macho. Aliponiona akaona aibu, lakini hakuacha kusugua.

“Nilikuwa na mdogo wangu mwenye ugonjwa huo huo,” akasema. “Povu lake ndilo naliogopa. Najua haliambukizi. Naogopa tu.”

“Uliingia mtoni.”

“Mto siogopi.”

Nilikuwa nimemweka mahali pamoja moyoni, sasa sijui nimweke wapi.

Aprili 24

Wameweka daraja la muda la mbao. Twiga amerudi.

Mkono wa kulia hauna nguvu. Daktari amemwambia mama yake kwamba huenda utarudi, huenda polepole, tusubiri. Akaongeza tusubiri na mengine. Hayo mengine hakuyataja.

Nimemuuliza kama alinisikia pale mtoni. Akanitazama kwa adabu. “Hapana, baba.” Mama yake baadaye akaniambia nje kwamba ile kubwa hakuna anayesikia, nisimuulize tena.

Aprili 27

Anakubali kila kitu. Ukimwambia ale, anakula. Ukimwambia chora, anashika kalamu kwa kushoto, anachora mstari, anasubiri umwambie aache. Nimemwonyesha vyumba vya nyigu. Viwili vimetobolewa kwa ndani, watoto wameshatoka na kwenda zao bila sisi kuwaona. Akasema, “Ndiyo, baba.” Hakuuliza kitu.

Mei 1

Walichouliza: hakuna.

Mei 3

Walichouliza: Gundi, kama Dada amekasirika naye. Nikamwambia sivyo. Akasema, “Bora angekasirika.”

Mei 8

Shemeji amekuja. Watoto wakamwamkia mama yao mdogo, akawakumbatia, akaleta vitabu vyenye picha za ndege. Akamwonyesha Twiga kimoja kimoja: huyu nani, huyu nani? Twiga akarudia majina yote baada yake, vizuri, kama mtu anayesoma bango. Shemeji akawa anasifu, “Hodari! Hodari sana!” na huku macho yake yakinitafuta mimi.

Jikoni akaniambia, “Shemeji, usiache kuandika.”

“Niandike nini?”

Akageukia kuosha vikombe. Nilikuwa nikidhani walimu wana jibu.

Mei 12

Manyunyu. Mkono uleule. Mama yake anaukanda asubuhi na jioni, akihesabu vidole, na akimaliza anauweka juu ya mto kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyeazimisha.

Mei 15

Hakuna.

Mei 19

Jua lilitoka tangu asubuhi, alasiri ikapita mvua fupi, ikaacha ardhi inafuka. Nilikuwa namalizia gauni la bibi harusi, lote lasi nyeupe, limetundikwa katikati ya sebule. Mama Twiga alikuwa jikoni.

Gundi akapiga kelele kwanza. Kumbikumbi. Walikuwa wanatoka chini ya kizingiti cha saluni kama moshi, maelfu, wanapanda, wanagonga kioo. Nikamwona wa kwanza ameingia akatua kifuani mwa gauni. Nikaruka. “Fungeni madirisha! Fungeni kila kitu!” Gundi akafunga la kwake. Nikageukia la pili.

Twiga alikuwa amesimama pale, amelifungua lote, na kwa mkono wa kushoto amelishika lisirudi. Walikuwa wanaingia wakimpita masikioni.

“Twiga, funga!”

“Sifungi.”

Nilidhani sijasikia vizuri. “Mama, gauni la watu! Funga!”

“Sifungi, baba. Sijamaliza kuangalia.” Hakunigeukia hata. “Mbona mbawa zinadondoka? Wanazitupa wenyewe? Sasa watarudije?”

Mama yake akawa mlangoni, mwiko mkononi. Nilimpungia anisaidie kulifunika gauni, lasi ilikuwa imeshajaa mbawa. Hakunisaidia. Alisimama tu pale, wadudu wakimtua kwenye nywele.

“Baba, nimekuuliza,” Twiga akasema, kwa hasira. “Watarudije?”

“Sijui,” nikamjibu. Nikaliachia pindo la gauni, nikakaa sakafuni kati ya wale kumbikumbi.